Vigae vya jikoni kwenye fedha: shajara ya mapambo kumi na mawili ya kuvaliwa kila siku

Mradi huu unafanyika Lamu, kwenye karakana ya sonara yenye meza mbili, jiriwa moja na bomba la moto la mtungi wa gesi. Kazi yenyewe ni hii: nyumba kumi na mbili zinatoa vyombo vyao vilivyovunjika, sahani, bakuli na vikombe vya kahawa, nasi tunakata vigae na kuvipachika kwenye fedha. Pambo linarudi nyumba ile ile lilikotoka, na mvaaji analivaa siku arobaini mfululizo: akikanda unga, akivuta kamba ya tanga, akifua, akitawadha. Baada ya hapo linarudi mezani kukaguliwa. Hesabu ni pete 6, vidani 2, bangili 2, hereni jozi 1 na bizimu ya mtandio 1.

Pambo la arusi tumeliacha makusudi. Hilo hukaa ndani ya kitambaa mwaka mzima, likatoka jioni moja, na fundi aliyelikosea huenda asijue mpaka kufa kwake. La kila siku humwumbua fundi ndani ya wiki. Halafu mkono unaolivaa unaendelea kulichora pale tulipoachia sisi, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi tunayotaka kuiona.

Wiki ya 1: kuchagua vigae

Pete ya kigae si jambo geni Lamu. Zile zinazojulikana, hata hivyo, hutumia kaure kuukuu ya Kichina iliyookotwa ufukweni au kwenye magofu, na hiyo hatuigusi. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895. Na kigae kikishaondolewa kilipolala, hakuna tena atakayejua kililala na nini. Wala hatukihitaji. Waliojenga makaburi ya nguzo pale Kunduchi, Dar es Salaam, walipachika sahani za siku zao, na wenye nyumba za mawe walipanga kwenye zidaka za ukutani vyombo walivyonunua kwa pesa zao. Sahani za siku zetu ni hizi za dukani zenye waridi na mistari ya buluu.

Vilikuja vipande 31, vingine kwenye mfuko wa unga, vingine ndani ya gazeti, kimoja ndani ya soksi. Vikaoshwa, kisha tukatenga kaure na udongo wa kuchomwa. Kipimo ni tone la maji kwenye ubavu uliovunjika: likinywewa papo hapo ni udongo, likikaa kama shanga ni kaure. Tofauti hii inaamua kazi yote inayofuata. Kaure ni ngumu, inachukua dakika 25 kusagwa, ila haijali maji. Udongo unasagika kwa dakika 10, lakini unakunywa kila kinachoupitia, na unyevu ukibaki ndani unaitia fedha weusi kwa chini. Kigae cha udongo hukaushwa juani siku mbili kabla ya kupachikwa.

Kisha rangi. Inua kigae usawa wa jicho, mwanga ukiingilia kwa ubavu. Mchoro uliolala chini ya kioo, yaani lile tabaka linalong'aa la juu, hauonyeshi kimo. Uliopakwa juu ya kioo unaonekana umeinuka kidogo au umefifia, na ukucha ukipita unausikia. Buluu ya chini ya kioo itaishi kuliko kidole. Ukingo wa dhahabu wa vikombe vya chai uko juu ya kioo, na kwenye pete utafutika; tumekubali kimoja tu cha namna hiyo, ili tuone utafutikaje. Vyombo vikuukuu vyenye nyekundu na manjano kali juu ya kioo tumevirudisha vilivyo, kwa sababu rangi hizo huweza kuwa na risasi au kadimiamu, na vumbi lake si la kuchezea. Vilivyofaa ni 19.

Hapo ndipo kazi ya jicho inapoanza. Kata tundu la umbo la yai, milimita 14 kwa 10, kwenye kadi nyeupe, na ulitembeze polepole juu ya kigae. Kosa la kwanza ni kutafuta ua zima. Ua zima ndani ya pete linageuka kibandiko. Nusu ya jani inayokimbilia nje ya ukingo, au mahali mstari wa buluu ulipovimba kwa sababu brashi ilisita, hapo dirisha, yaani lile tundu la kadi, linasimama lenyewe. Sahani moja ilitupa dirisha bora kuliko yote mgongoni, palipopigwa muhuri wa kiwanda: herufi mbili na nusu na duara lililokatika. Nyingine ilikuwa na mistari ya kijivu katikati, myembamba kama nywele. Hiyo si mikwaruzo ya kioo. Ni chuma cha kijiko na uma kilichobaki juu yake kwa miaka ya kulia. Tumeiacha, maana huwezi kuinunua.

Wiki ya 2: kukata na kusaga

Tunahitaji vigae 17, kwa sababu kila bangili ina vitatu na hereni zina viwili. Tumekata 26, kipande kikubwa kimoja kikitoa viwili au vitatu. Vinne vimeharibika.

Chora umbo kwa kalamu isiyofutika, acha milimita 3 za ziada kila upande, kisha ng'ata pembeni kwa koleo la kukatia marumaru. Usibane mdomo mzima wa koleo. Theluthi moja tu, na upande wa kioo uangalie juu. Ukibana kingi ufa unachagua njia yake. Baada ya hapo ni gurudumu la almasi, likizunguka ndani ya sahani ya maji. Maji ni lazima kwa sababu mbili: kigae kikipata moto kioo kinabanduka, na vumbi kavu la kaure lina silika inayoharibu mapafu. Hata kwa maji, barakoa ivaliwe, na matope yafutwe yakiwa mabichi, yasingoje kukauka yakapeperuka.

Vinne vilivyoharibika vilikufa ugonjwa mmoja. Gurudumu lilikuwa likitoka mgongoni kuelekea kwenye kioo, na linapotokea juu linavunja ukingo wa kioo vidonge vidonge. Geuza mkono: gurudumu liingie kwa kioo na litokee mgongoni. Ubavu wa kigae uinamie ndani kidogo kuelekea juu, nyuzi 10 hadi 15, ili fedha ipate mahali pa kukumbatia. Ubavu ukisimama wima kama ukuta wa kisima, kigae kitatoka siku ya kwanza mvaaji atakapogonga mlango.

Unene wa sahani ya kawaida ni milimita 4 hadi 6. Sagia mgongoni mpaka 2.5, kisha lalisha msasa wa maji namba 220 juu ya kipande bapa cha kioo cha dirisha la nyumba na usugue mgongo hadi kigae kisitikisike kinapowekwa mezani. Hatua hii ilionekana ya kupita tu. Ilikuja kutudai wiki ya 5.

Wiki ya 3: fedha

Pete moja inakula fedha gramu 5.2: mkanda wa kidole urefu milimita 58, upana 4 na unene 1.5 ni gramu 3.6, sakafu ya unene wa 0.8 ni gramu 1.1, ukuta unaozunguka kigae ni nusu gramu. Kigae chenyewe ni kama thuluthi mbili za gramu. Bangili, ambayo tumeifuata kekee, ile bangili pana ya fedha, kwa upana wake, milimita 12, na unene wa 1.2, inakula gramu 24. Mapambo yote kumi na mawili ni karibu gramu 98, nasi tumeyeyusha 130, maana hakuna bamba linalokatwa lote likafaa. Chenga za tupa zinaangukia kwenye ngozi iliyotandikwa chini ya meza na zinarudi kwenye chungu.

Fedha imetoka kwenye mikufu na bangili zilizokatika, za 925, yaani sehemu 75 katika 1000 ni shaba. Kila kipande kimepimwa kwa jiwe na asidi. Viwili vilikuwa aloi ya shaba, zinki na nikeli, ambayo haina fedha hata chembe na huwatoa watu wengi vipele. Kwa ukuta wa kigae tumenunua fedha safi, kwa sababu ni laini na inakubali kulazwa bila kigae kudaiwa nguvu.

Ilikuja pia reale moja ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya zamani, mwenyewe akitaka iyeyushwe. Reale hizi, zote zenye mwaka 1780 hata zikipigwa jana, zina uzito wa gramu 28 na ushei, na fedha yake ni 833 katika 1000. Kuifikisha 925 kunataka kuongeza fedha safi gramu 34.4. Ununue 34 ili kuiokoa 28! Masonara waliokuwa wakiyeyusha reale zamani walikuwa na hesabu nyingine, reale zikiwa ndiyo fedha iliyopo. Tumeirudisha nzima.

Mche wa kwanza wa fedha tuliyoyeyusha ulipasuka kwenye mashine ya kubinya, ufa baada ya ufa, hata baada ya kulainishwa kwa moto. Chanzo kilikuwa bangili iliyowahi kuunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, ile ya mafundi redio. Risasi kidogo tu inaifanya fedha kuwa kama biskuti, na ikipata moto inatoboa matundu. Dawa ni kutazama kila kiungo cha zamani kabla ya kuyeyusha. Penye rangi ya kijivu laini inayokwaruzika kwa ukucha, kata, tupa pembeni, na acha milimita 5 za usalama kila upande. Mche uliopasuka hautumiki tena hapa. Umeuzwa kwa msafishaji wa fedha.

Mche wa pili: chungu kimepakwa boraksi kwanza, kalibu ya chuma imepakwa mafuta na kupashwa moto mpaka haishikiki, fedha imefunikwa unga wa mkaa isinywe hewa. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni, na ikiganda huitema ikabaki na vijitundu. Kalibu baridi au yenye unyevu inarusha fedha usoni, kwa hiyo miwani. Bamba limebinywa kutoka milimita 6 hadi 0.8, likilainishwa kila unene unapopungua kwa nusu. Kulainisha hufanywa kwenye kivuli, kwa wekundu hafifu wa kaa linalokaribia kuzimika. Juani hutauona na utaipitisha.

Wiki ya 4: kulehemu

Ukuta kwanza. Mzingo wa yai la 14 kwa 10 ni milimita 38. Ongeza 1 kwa ajili ya unene wa fedha wa 0.3. Kimo ni 3.5. Ncha zikutane bila mwanga kupita katikati, maana lehemu haizibi pengo, inapita tu palipogusana. Lehemu ngumu kwa kiungo cha ukuta, ya kati kwa ukuta na sakafu, laini kwa mkanda wa kidole, ili kila moto unaofuata usifungue kilichofungwa.

Kuta mbili zimeyeyuka. Ukuta ni mwembamba, sakafu ni nene. Moto ukielekezwa juu, ukuta unafika kabla sakafu haijaamka. Pete iinuliwe juu ya wavu na moto upite chini. Lehemu hufuata joto: ikikimbilia ukutani ikapanda juu kama mchwa, ujue moto wako uko mahali pabaya.

Kabla ya kufunga, toboa sakafu kwa keekee, tundu la milimita 3. Lina kazi tatu. Kigae kikikwama wakati wa kujaribu unakisukuma kwa chini. Fedha inapungua. Na maji yanayoingia yanapata pa kutokea, jambo ambalo fundi asiyefikiria udhu mara tano kwa siku hulisahau.

Maji makali ya kuondolea weusi ni unga wa asidi ya ndimu, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto. Mtu alitumbukiza koleo la chuma humo na mapambo matatu yakatoka na rangi ya waridi: chuma kinailazimisha shaba iliyoyeyuka kwenye maji kukalia fedha. Kwa maji hayo tumia kijiti cha mwanzi au koleo la shaba.

Wiki ya 5: kupachika

Kulehemu kukiisha ndipo kigae kinaingia. Moto na kigae havikutani; kioo na udongo vinatanuka kwa viwango tofauti na kigae kinapasuka kabla lehemu haijatoka jasho.

Tumevunja vigae vitatu katika kukandamiza ukuta, na kila kimoja kina hoja yake. Cha kwanza kilikuwa na mgongo uliopinda, kile tulichokisagia haraka wiki ya 2. Kiligusa sakafu ncha mbili tu, na shinikizo la katikati likakikata kama biskuti ya chai. Cha pili kilikalia tuta la lehemu lililobaki kwenye kona ya ndani kati ya ukuta na sakafu. Tuta hilo halionekani kwa macho; dawa ni kulaza ukingo wa chini wa kigae kwa msasa kidogo, upite juu yake. Cha tatu ni haraka tu. Ukuta unalazwa kwa pande zinazokabiliana, kaskazini kisha kusini, mashariki kisha magharibi, kidogo kidogo. Aliyeanza mahali pamoja akazunguka kama anayepinda ukili, alifika mwisho na mkunjo wa fedha usio na pa kwenda, akausukuma kwa nguvu.

Pengo chini ya kigae masonara wengi hulijaza unga wa mbao. Ni mzuri kwa pambo la sandukuni. Kwa la kila siku unga unavimba ukipata maji na kukisukuma kigae nje. Sisi tumekata vitako kutoka kwenye ile kadi ya plastiki inayobeba laini ya simu: unene wake ni kama robo tatu ya milimita, haioti kutu, hainywi maji, na kila nyumba inayo droo yenye tano.

Bangili zina habari zake. Vigae vitatu kwa kila moja, vimetobolewa kwa ncha ya almasi ya 1.5 chini ya maji na kufungwa kwa misumari ya waya wa shaba wa 1.2. Toleo la kwanza lilikuwa na misumari miwili kwa kigae. Bangili ni ya wazi, inafunguka kidogo kila inapovaliwa, na fedha inapofunguka misumari miwili inataka kuachana. Kigae hakinyumbuki, kikapasuka kutoka tundu hadi tundu. Sasa ni msumari mmoja katikati na pete ndogo ya ngozi chini yake. Kigae kinaweza kuzungushwa kwa kidole. Tulidhani ni kasoro, lakini wavaaji wote wawili hawaachi kukizungusha wakiwa wanaongea.

Siku ya 1 hadi ya 40: mwilini

Vipimo vya kidole vilichukuliwa jioni baada ya kazi, si asubuhi. Kwa joto la hapa kidole kinavimba, na pete ya asubuhi inakuwa kamba ya saa kumi. Pete lazima ichezeke vya kutosha maji ya udhu yapite chini yake.

Pete ya nahodha tuliibadilisha kabla haijatoka mlangoni. Kichwa chake kilikuwa na kimo cha milimita 5.5, na pete ndefu ikinaswa na kamba inaweza kuondoka na kidole. Mpya ina kichwa cha 3.2, kigae kimesagwa hadi 1.8, na mkanda wake ni wa unene wa 1, umeachwa wazi kwa nyuma ili ukivutwa utanuke. Kwa anayetumia mashine inayozunguka pete hatutoi kabisa, hata akisisitiza. Mchonga milango aliyemo kwenye orodha anatumia tindo na nyundo ya mbao, na hata yeye anaivua akienda kupasua mbao.

Siku ya 9 imerudi pete ya mpika mahamri, unga umekauka kati ya ukuta na kigae. Tulikuwa tumeulaza ukuta lakini hatukuusugua ukingo wake mpaka ukafungana na kioo. Pengo la unywele linatosha. Tumeusugua kwa chuma laini kilichong'arishwa, duara kamili mara tatu, na haujarudi tena.

Siku ya 16, bizimu. Sindano yake ya fedha, waya wa 0.9, ilipinda kama ganda la ndizi. Fedha iliyopitia moto ni laini kwa kupachikia na mbaya kwa kudungia. Shika ncha moja kwenye jiriwa, nyingine kwenye koleo, zungusha mara mbili kamili. Waya unakaza bila kupungua. Ncha yake isinolewe kama ya sindano ya cherehani, iwe mviringo kama punje ya mtama, ili ipenye kati ya nyuzi za mtandio badala ya kuzikata. Hereni nazo zilivuta nyuzi, kwa sababu ncha za ndoano zilikatwa kwa koleo na kuachwa hivyo. Dakika moja ya tupa. Uzito wake, gramu 3.5 kila upande, haujalalamikiwa.

Arobaini: ukaguzi

Pete ya mwalimu imerudi inang'aa kuliko ilivyotoka. Chaki ndiyo iliyofanya hivyo: unga laini wa chokaa, kila siku, ukisuguliwa na vidole. Masonara hununua unga wa namna hiyo kwa kung'arishia. Kingo kali za mkanda zimelainika, na pete imekuwa nzuri zaidi kwa kazi ambayo sisi tungeitoza saa nzima.

Ile ya nahodha ina mikwaruzo ya kamba upande wa kiganja, yote ikielekea upande mmoja, kama mbao iliyopigwa randa. Kwenye kona kuna weusi. Kigae hakina hata alama, maana kaure ni ngumu kuliko fedha na kamba pia. Ukingo wa dhahabu kwenye pete ya mshonaji ulianza kutoweka wiki ya 3. Sasa umebaki nukta tatu upande ambao kidole cha pili hakiufikii. Bangili moja imepata weusi wa ghafla ndani ya jioni moja, na jibu lilikuwa jiki ya kufulia nguo nyeupe. Tumeikogesha kwa maji ya moto, magadi ya kuokea vijiko viwili na karatasi ya alumini, ikarudi baada ya dakika tano. Dawa hii isitumike kwa kigae cha udongo.

Na hapo tunafika kwenye pete ya mpishi wa samaki wa kupaka. Kigae chake ni cha udongo, kutoka bakuli nyeupe isiyokuwa na mchoro wowote. Tulikichukua kwa shida, kwa sababu dirisha halikuwa na kitu cha kuonyesha. Kioo chake kilikuwa na nyufa ndogo ndogo zisizoonekana, za aina inayotokea kioo kinaposinyaa zaidi ya udongo ulio chini. Siku arobaini za bizari na tui zimeingia ndani ya nyufa hizo. Sasa kuna wavu wa manjano juu ya yai zima, mnene upande wa kidole gumba, unafifia upande wa pili, na mahali pawili mistari imekutana ikaziba chumba kidogo kilichobaki cheupe kabisa. Hakuna kati yetu ambaye angeweza kuuchora. Kati ya mapambo yote kumi na mawili, hili ndilo tungeliweka mbele.

Kijana wa meza ya pili alikuwa ameshaanza kutayarisha maji ya kuling'arisha. Mwenyewe akamzuia: "Wacha, mwanangu. Fedha safisha ukitaka, lakini hiyo bizari ni yangu."

Kwa hiyo tumesugua mkanda peke yake kwa kitambaa kikavu, tumebana ukuta mahali pawili ulipoanza kulegea upande wa kidole gumba, na tumeandika kwenye daftari: kigae kisiguswe na maji ya asidi wala ya magadi, kwa sababu yangeingia kwenye nyufa hizo hizo. Kundi la pili lina vigae vya udongo vinne, vyote vyeupe, na safari hii tumevitafuta vyenye nyufa. Viko juani tangu jana.